Mshauri Aliyekataza Magari Kusimama

Mshauri wa usafirishaji tuliyemwajiri hakuwahi kufika Tseikuru hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu watu huniuliza kama alikuwa tapeli. Hakuwa tapeli. Alikuwa na vyeti, alikuwa na kompyuta, na vifaa alivyofunga kwa magari yetu vilifanya kazi vizuri kabisa. Afadhali angekuwa tapeli.

Tulikuwa na magari matatu. Pikapu mbili zilibeba mboga kutoka Nunguni kwenda Tawa, na madereva wake tuliwaandika kazi. Lori lilishusha mbuzi kutoka Tseikuru, na hilo mume wangu aliliendesha mwenyewe. Yeye ni mzaliwa wa huko. Mimi ni wa Nunguni, na kazi yangu ilikuwa kushika simu nyumbani Tawa, mtoto mgongoni. Wanunuzi wawili walikuwa wametuacha kwa sababu lori lilifika saa liliyotaka lenyewe. Mzee mmoja wa kanisa letu akasema anamjua mtaalamu. Mimi ndiye niliyesema aitwe. Mume wangu alisema tu, "Aje, kama utatulia."

Alikuja na shati jeupe, akaomba kabla ya kufungua kompyuta. Akafunga kila gari kifaa cha kulionyesha kama alama kwenye ramani, na simu yangu ikaanza kupata ujumbe kila gari likisimama zaidi ya dakika kumi na tano. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Madereva wa pikapu walinyooka wiki ile ile. Mmoja, kumbe, alikuwa akipitia kwa shangazi yake kila asubuhi kunywa uji. Nilicheka sana. Nilimwamini mshauri kwa sababu ya ule uji.

Wiki ya pili akanigeuzia kompyuta. "Mama, angalia lori lako. Kila safari linalala mahali hapa. Safari hii saa nzima. Hii karibu saa mbili."

"Hapo ni wapi?"

"Ni porini tu. Hakuna soko, hakuna hoteli." Akajikuna shingo. "Nyumba moja moja ziko. Mimi sisemi kitu, Mama. Mashine ndiyo inasema."

Nilimuuliza mume wangu akila.

"Ni mto," alisema. "Nangojea mto."

"Na huo mto umeolewa ama bado?"

Alicheka, akidhani ni mzaha. Akanieleza kwamba ule ni mto wa mchanga. Ukifika pale unazima gari, unashuka, unampigia mtu anayechunga kule juu, unamuuliza kama kumenyesha kwake. Asiposhika simu, unangoja. Hata mchanga ukiwa mkavu, unangoja. Baba yake alingoja, na kila dereva wa huko hungoja.

Kwetu Nunguni mto ni maji. Unayaona, unajua. Mto mkavu unaongojewa kama mgeni sikuwahi kuusikia. Nikaona ni uongo, tena uongo uliopangwa vizuri.

"Mshauri amesema dakika kumi na tano," nikamwambia.

"Mwambie mshauri aende auambie mto."

Siku yenyewe kulikuwa na jua. Ujumbe wa kwanza ukaingia, ukaingia wa pili, wa tatu. Nikapiga simu.

"Bado uko hapo?"

"Niko. Yule wa juu hashiki simu."

"Kunanyesha?"

"Hapa, hapana."

"Kuna maji?"

"Hakuna."

"Basi unangoja nani? Msalimie mwenye nyumba, umwambie mimi ndiye mwenye gari."

Nilisikia mwanamume akicheka kando yake. Alikuwa mwenye mbuzi, mfanyabiashara Mwislamu ambaye watu wake walitoka kaskazini-mashariki wakakaa Tseikuru. Alikuwa akisafiri na mali yake.

"Mama, nipe nusu saa," mume wangu akasema.

"Vuka ama uniambie ukweli. Chagua moja."

Akakata simu. Baada ya dakika chache ile alama ya lori ikasonga kwenye simu yangu. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi, nikaenda kumbadilisha mtoto nepi. Niliporudi alama ilikuwa imesimama katikati ya mto.

Mvua ilikuwa imenyesha mbali, vilimani, mahali ambapo mume wangu hangeweza kupaona. Maji yalifika matairi ya nyuma yakiwa yamezama mchangani. Yeye alishika mti uliokuwa ukielea, ukamtupa ukingoni akiwa na mbavu zilizovunjika. Mwenye mbuzi alipatikana siku ya pili, chini sana, akazikwa siku hiyo hiyo. Mbuzi walikuwa wamefungiwa nyuma. Hakuna aliyetoka.

Nilimpigia mshauri. "Pole sana, Mama," alisema. "Lakini kazi yangu ni kushauri. Uamuzi ni wa mwenye gari." Katika ripoti yake aliandika kwamba ni kosa la dereva. Mzee wa kanisa naye aliniambia nimsamehe mshauri kabla hajauliza mume wangu analala hospitali gani.

Na mume wangu alikuwa amewaambia polisi, chifu na kila mtu kwamba aliamua mwenyewe kuvuka. Aliporudi nyumbani nilimuuliza kwa nini. "Mtoto bado ananyonya," alisema. "Wacha kesi ikae kwangu."

Mbavu ziliposhika kidogo tukaenda Tseikuru kwa mjane kutoa pole. Alitukaribisha ndani, akaweka vikombe. Mume wangu akaanza, "Mimi ndiye niliyeamua kuvuka."

"Ni uongo," nikasema. "Yeye alitaka kungoja. Mimi nilimpigia simu nikamlazimisha."

Mjane hakuacha kumimina chai. "Najua, dada. Mume wangu alinipigia kutoka pale ukingoni. Aliniambia huyu dereva anaogopa bibi yake kuliko mto."

Mume wangu akainamisha kichwa.

"Tulicheka sana," mjane akasema. "Nikamwambia, basi vukeni, asije akapigwa."

Akanisogezea kikombe. Tulikaa pale, mimi na mjane, hakuna aliyekunywa.