Siku Mdogo Wangu Alipotakiwa Kuthibitisha Kuwa Ni Mtu

Wateja wakija kushonewa nguo huniuliza kama kweli bado kuna mtu anayeweza kuishi kwa kucheza poka, karata za kamari, mtandaoni. Nilikuwa nikiwajibu kwamba yupo, anaishi chumba changu cha uani, na kodi analipa. Ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, na mtaa mzima unamwita Jiwe.

Jina hilo alijitafutia. Alisikia kwamba mcheza poka hodari haonyeshi kitu usoni, apate karata nzuri au mbovu. Basi akafanya mazoezi mbele ya kioo changu cha kupimia nguo mpaka nyusi zikasahau kazi yake.

"Lakini hao unaocheza nao hawakuoni," nilimwambia. "Kila mtu yuko kwao na kompyuta yake."

"Dada, kazi ni kazi," akajibu, usoni hamna kitu.

Nilikereka, ila mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kila asubuhi alivaa shati nililomshonea, akaketi mbele ya kompyuta kama anapigwa picha ya pasipoti. Hata kwenye mazishi ya baba alikaa hivyo hivyo, na shangazi zetu wakamchukia. Zamani alikuwa akiwala wajinga wa mtandaoni. Siku hizi wajinga wamekwisha, meza zimejaa programu zinazocheza zenyewe bila kuchoka, na riziki imekuwa ya kuokoteza. Yeye akazidi kuganda.

Ndipo kampuni yenye michezo ikamfungia akaunti. Walimshuku kuwa naye ni programu, kwa kuwa hakasiriki, hasiti, wala hachezi ovyo akishindwa. Wakasema watamhoji kwa video. Akionekana ni mtu, afunguliwe. La sivyo, kazi imekwisha na alichoweka humo kimepotea.

Mama akaja kumsindikiza, akaketi kulia, mimi kushoto. Mkaguzi akatokea kwenye skrini, kijana mpole mwenye miwani.

"Habari yako, ndugu. Naomba utabasamu."

Tukasubiri.

"Tabasamu tu kidogo, ndugu."

"Ninatabasamu," akasema Jiwe.

Mama akamtekenya mbavu. Wapi. Nikamkumbusha siku marehemu baba alipokwenda kazini amevaa viatu vya mama, akashinda navyo, akarudi akilalamika kwamba miguu imevimba. Mama akacheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, na mkaguzi akavua miwani ajifute macho.

"Mama na dada ni watu," akasema. "Hilo halina ubishi."

Kisha akamwuliza mdogo wangu, "Ukipoteza kila kitu leo, utajisikiaje?"

"Vibaya sana," akajibu, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

Mkaguzi akaandika kitu. "Samahani, mama. Tumeridhika kuwa hii ni programu." Skrini ikazimika.

Kwanza kidevu cha mdogo wangu kikatikisika, kisha midomo, halafu uso mzima ukaachia na machozi yakashuka, ya siku ile na, nadhani, ya baba pia. Moyo uliniuma, maana nilikuwa nimeshasahau anavyoonekana akilia.

Mama akainyanyua kompyuta kwa mikono miwili, akaielekeza usoni pa mwanawe.

"Haya, mwangalieni," akaiambia ile skrini nyeusi. "Si huyu hapa analia?"