Kata ya Kwanza

Kwetu Rombo, mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haifiki mdomoni mwa mgeni kabla mpishi hajaionja mbele ya watu. Ndiyo namna ya kusema humu hamna sumu. Desturi nzuri, lakini ndiyo iliyomponza mama yangu. Alikuwa mpishi hodari, na kila pipa lilidai kuonjwa: ndizi zikiiva aonje, ulezi ukiingia aonje, wateja wakifika aonje tena. Miaka ile kahawa ilipoacha kulipa na kila nyumba ikageuka kilabu, mama alikuwa akimaliza kuonja hajui hata kitanda kiko wapi. Kisha akahamia kwenye gongo, ile pombe kali ya magendo.

Siku moja alianguka karibu na mafiga, mdogo wangu akiwa mgongoni. Mtoto alinusurika, khanga ikaungua. Kesho yake mama akasema, “Nimeacha.” Hatukumwamini, tulishayasikia hayo. Alitetemeka, akatapika, akaongea na ukuta wiki nzima. Lakini aliacha kweli. Na aliendelea kupika, maana ndiyo kazi aliyoijua. Sasa alipika kwa pua: anainamia pipa, ananusa, anasema, “Bado, mpaka kesho,” na kesho inakuwa tayari. Jirani yetu mmoja ndiye aliyemwonjea.

Ikafika siku ya kipaimara cha kaka yangu. Uani kumejaa wageni, na jirani yule amekwenda msibani, kule mjini Mkuu. Babu mmoja wa ukoo akaita, “Mke wetu, tuonjee basi, koo zimekauka!”

Mama akasimama na kata ya mbege mkononi, povu likimchuruzika vidoleni. Mimi nilikuwa kidato cha pili, umri wa kuona aibu kwa kila kitu. Nikamnong'oneza, “Mama, onja kidogo tu. Usituaibishe.”

Hakunigeukia.

“Wazee wangu, shikamooni,” alisema. “Mimi pombe ilinishinda. Nikionja hii sitaishia hapa. Anayeogopa sumu, asinywe.”

Nilitamani ardhi inimeze. Babu akajiinua kwa mkongojo, akaipokea kata na kuishusha hadi nusu.

“Nimeonja mimi,” akasema. “Wapeni wageni. Na mama huyu aletewe soda.”

Sherehe ikaendelea, mbege ikasifiwa, nami nikaendelea kununa kama mjinga.

Jioni wageni walipoondoka nilimkuta mama jikoni akiosha ile kata. Ameinyoosha mbali na uso, amebana pumzi, na mikono inamtetemeka kama wiki ile ya kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomwomba mchana. Nimeona wengi wakishuka kutoka kilele cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, na vyeti vyao vya ushujaa; kwangu hakuna aliyemfikia mwanamke yule pale kwenye beseni.

Nikaichukua kata mikononi mwake, nikaiosha mwenyewe.