Vidonge vya Kisukari vya Kabula

Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la dawa Kilosa, Mfamasia wa Wilaya hakuniruhusu kugusa hata kidonge. Alinisimamisha pembeni nisikilize. "Kijana, dawa haijatolewa mpaka mgonjwa akurudishie maelezo kwa mdomo wake." Niliona ananichosha tu. Nikapelekwa Kimamba, kisha Mikumi, nikarudi Kilosa na mvi, nikijiona fundi.

Ndipo akaja Mama Kabula, mfugaji wa kijiji cha Ulaya, hukohuko Kilosa. Binti yake wa miaka minane alikuwa na saratani kali ya tumbo. Hospitali ya rufaa walimtibu kwa dripu za dawa ya saratani, na pamoja nazo wakajaribu vidonge vya kisukari, vilevile nilivyowagawia wazee kila siku. Daktari Bingwa alinieleza kwa simu: "Seli za saratani zinakula kwa fujo, tunataka kuzivurugia jiko. Ila mtoto ale vizuri. Uzito ukishuka, namtoa kwenye jaribio."

Nikaandika 1×2 kwenye bahasha, yaani kimoja asubuhi, kimoja jioni. "Ni dawa ya kisukari," nikamwambia mama. Foleni ilikuwa ndefu, sikumtaka arudie.

Mwezi uliofuata Kabula alipanda mizani. Kilo mbili zimepotea.

"Mama, anakula nini?"

"Majani tu, mlenda na mchunga, baba. Si ulisema dawa ya kisukari? Uji tumeacha, viazi tumeacha. Hata baba yake anakunywa chai bila sukari, asimtamanishe."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Nikampigia Daktari Bingwa, nikakiri kosa ni langu, nikaomba wiki mbili. Nikamweleza mama upya, naye akarudia taratibu: "Kisukari hana. Dawa ni ya uvimbe. Ale ashibe."

Wiki mbili baadaye Kabula alirudi na mashavu. Nilicheka peke yangu dirishani, foleni ikanishangaa. Uvimbe ukanywea, ukaisha. Kama ni dripu au vidonge, Daktari Bingwa mwenyewe hasemi kwa uhakika.

Nyie mlioko madirishani leo, foleni isiwadanganye. Mimi nimestaafu, niko Mikumi, na kisukari kimenipata. Juzi Kabula, sasa kidato cha tatu, alikuja kunisalimia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama."

Akaiona bahasha yangu ya vidonge mezani. "Hivi navijua. Haya, nieleze unavyovimeza."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akasubiri. Nikamweleza neno kwa neno.

"Na sukari?"

"Nimeacha."

"Mimi naruhusiwa," akasema, akaongeza vijiko vitatu kwenye chai yake.