Nilinyolewa Kichwa Mume Wangu Akiwa Hai

Admin, ficha jina langu, na soko ninalouzia pia usilitaje, maana huku kwetu ukurasa huu unasomwa kuliko Biblia.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, mjane, nina mtoto mmoja tu wa kiume. Nauza omena, dagaa wa ziwani, tangu usichana wangu. Nawaandikia kwa sababu watu wa karibu nimeshawauliza wote, na kila mmoja ana jibu lake la kuniumiza.

Miaka ya tisini, nikiwa nimeolewa upande wa Kisegi na nina mtoto mchanga, nilitokwa na vivimbe kichwani. Vyenyewe havikuuma. Viliuma nikibeba. Beseni la omena likikaa juu ya ngata lilivikandamiza hadi nikawa natembea huku nalia, na kazi nyingine sina. Mume wangu alikuwa akichimba dhahabu Macalder. Akanipeleka hospitali moja mjini Migori. Daktari akatueleza kwamba ni vifuko vya mafuta chini ya ngozi, si ugonjwa mbaya, ila kifuko lazima kitolewe chote, la sivyo kitajaa tena.

Nesi aliyeninyoa hakuwa mtu wa kwetu. Alianza kunyoa penye uvimbe tu, kisha akasimama akaniangalia.

"Dada, ukitoka na hivi viraka watakucheka sokoni. Wacha nimalize yote, itamea sawasawa."

Alifanya kwa roho safi kabisa. Mimi nilikuwa nawaza sindano ya ganzi tu, na wembe ulikuwa umeshapita katikati. Nikamwacha amalize. Vivimbe vikatolewa vizima, vyeupe, na kweli maumivu yakaisha.

Kwa wasiojua mila zetu Waluo: mke hunyolewa kichwa mumewe akishazikwa. Tunaita liedo. Ukishanyolewa, msiba umekutoka, unaweza kuendelea na maisha.

Nilirudi nyumbani na kitambaa kichwani. Mama mkwe akataka kuona mshono, nikafungua. Alipiga mayowe majirani wakaja mbio wakidhani kuna maiti.

"Nyar Nyatike, binti wa Nyatike wewe, umenyolea nani? Mtoto yangu bado iko hai na wewe umeshamlilia!"

"Ni hospitali, Mama."

"Hospitali ilikosa makasi ndogo?"

Mume wangu alicheka. "Mama, wacha maneno. Mimi naona amekuwa mrembo tu. Nywele itamea." Nilimpenda sana siku hiyo. Hata sasa nampenda.

Nywele zangu hazijafika hata kushika kitana, shimo likaporomoka Macalder, yeye akiwa ndani.

Tulipomzika, wajane wazee walikuja na wembe kuninyoa kama inavyotakiwa. Mama mkwe akawazuia mlangoni. "Huyu alishajinyoa mwenyewe. Hakuna kazi yenu hapa." Basi. Sikunyolewa. Kwa watu wa boma lile, msiba haujanitoka hadi leo. Hakuna aliyekula tena chakula cha mkono wangu, wala mwanamke aliyekubali mtoto wake akae mapajani pangu. Nikabeba mwanangu nikaenda kupanga chumba sokoni, na humo ndimo nimezeekea. Kanisani waliniambia hayo ni mambo ya giza, nisiyajali. Rahisi kusema kama unaalikwa harusini.

Sasa vivimbe vimerudi. Si vile vya kwanza, ni vingine, vimejaa kichwa kizima. Kimoja kimepasuka, kinatoa usaha, kinanuka, na akina mama wa kwaya wanasogea mbali nami wakijifanya wanatafuta upepo. Beseni siwezi kubeba tena. Daktari anasema vitolewe. Nimemsihi anyoe kidogo kidogo, akasema haiwezekani, ni kichwa chote.

Nilimpigia mwanangu nimwambie. Na yeye anachimba Macalder, kama babake. Nilimkataza, lakini kazi ni wapi? Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema:

"Mathe, mimi nimesoma, najua ni ugonjwa. Lakini mimi huingia shimo kila siku. Baba ulimnyolea akaenda. Saa hii utanyolea nani? Si nimebaki mimi tu?"

Ndugu zangu, nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata mchungaji. Miaka yote hii nilibishana na mama mkwe moyoni, nikijua sikumuua mume wangu, udongo ndio uliomuua. Mwanangu aliposema vile, nikaanza kuamini. Siku ya kwenda hospitali imepita, nilikaa nyumbani nimejifunga kitambaa.

Msiniambie niombe, naomba. Msiniambie mila ni ujinga, mseme hivyo mkiwa na mtoto mmoja shimoni. Niende ninyolewe, au nikae hivi hivi nioze ili mtoto wangu apande juu salama jioni? Mwenye neno anipe, mimi langu limeisha.