Mti wa Mahame Kati ya Minara Miwili

Jumapili. Mvua kubwa tangu asubuhi, mtandao umekatika. Naandika niliyoyaona mwenyewe. Kama nimekosea, basi nimekosea kwa macho yangu, si kwa kusimuliwa.

Mimi ni mlinzi wa mnara wa simu huku Mbalibali. Fundi aliwahi kunieleza kwamba dishi letu la juu linatazamana na dishi la mnara wa upande wa Nyamongo. Sauti inaruka hewani imenyooka kama mwanga wa tochi, haijui kukata kona. Mnara unaipokea imechoka, unaitia nguvu, unaurushia mnara wa mbele. Kitu kikisimama katikati, basi tena.

Kilichosimama kilikuwa mti, kwenye mahame ya kilima cha katikati, boma lililohamwa kabla sijazaliwa. Fundi akanituma nikaukate. Nami nilikuwa na haraka, maana binti yangu Bhoke alikuwa leba Nyamongo na simu hazipiti.

Shoka la kwanza tu, nikasikia nyuma yangu, "We! Nani kakutuma kutoboa ukuta wangu?"

Mzee mrefu, blanketi begani. Manyunyu yalikuwa yamenilowesha mimi. Yeye mkavu kabisa.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Niambie, umeona wapi mzee asiyeitikia shikamoo?

"Hayo madishi yenu yanichungulie mpaka kitandani?"

"Mzee wangu, binti yangu anajifungua. Nataka nisikie sauti yake tu."

"Ipite kifuani mwangu? Haya kata, mbwa wewe. Lakini huyo mtoto ataitwa jina langu. Asipoitwa, mtaona."

Nikakata. Mti ulipoanguka nikageuka: hayupo, na nyasi hazijakanyagwa. Hapo hapo simu ikaita. Alikuwa mkwe wangu.

"Baba, ni wa kiume! Ila anakataa kunyonya."

Nikafungua mdomo nimtajie jina. Jina gani? Sikuuliza.

Tumemwita majina ya mababu wote tunaowajua. Siku hizi ananyonya, lakini mtandao ukikatika tu anaachia ziwa, analia mpaka urudi. Fundi anasema mvua kubwa hula mawimbi, na watoto ndivyo walivyo, hulia. Huenda ni kweli. Sitaki kumsingizia marehemu. Ila nawe ukitumwa kukata mti wa mahame, tafuta kwanza jina la mwenyewe.

Bhoke amekuja na mtoto kututembelea. Jioni tumekula ugali wa mtama na dagaa. Mtoto hajanyonya. Mvua bado inanyesha.