Kona ya Masijala

Mara moja kwa mwaka, ofisi kubwa ya serikali pale Tunduma ilikuwa ikifungua milango yake yote. Siku nyingine mwananchi anaishia dirishani, anainama, anasema shida yake na kuondoka. Siku hiyo unaingia hadi kwa mkubwa mwenyewe, unakanyaga zulia, unaonyeshwa kompyuta. Mimi nilikuwa siipendi. Foleni ndefu, hotuba ndefu zaidi, na soda haziwatoshi watu. Mwaka ule baba ndiye aliyenikokota.

Baba alikuwa fundi mwashi, na jengo lile alilijenga yeye na wenzake, miaka ya tisini mwanzoni. Tangu wakabidhi funguo hakuwahi kuingia zaidi ya dirishani. Asubuhi ile alitoka Ihanda amevaa suti ya kanisani, na ndani ya koti ameficha pima maji yake, ile ya chuma yenye kichupa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa. Nikamuuliza kama tunakwenda kutembea au kukagua.

"Mwanangu, ile kona ya nyuma inanisumbua," akasema.

Njiani akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kona ile ilikaa juu ya kichuguu. Walichimba msingi, udongo ukawa bado laini, akaomba wachimbe zaidi. Msimamizi akakataa, siku zimekwisha, mvua zinakuja. Basi Jumamosi mchana, wenzake walipokwenda zao, baba akabaki, akachimba peke yake, akashindilia mawe mpaka viganja vikachubuka. Hakuwa na uhakika kama yalitosha. Kila masika, mvua ikipiga bati, aliwawaza watu waliokaa kwenye kona ile. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu kwa manung'uniko yangu ya foleni.

Mlangoni askari akampapasa, akaikuta pima maji, akaiweka mezani.

"Mzee, vyuma haviingii."

Baba akaiacha hapo. Tukapitishwa chumba kwa chumba. Wenzetu walishangaa viyoyozi. Yeye aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaenda mbele. Akaniambia nifumbe jicho moja nitazame ukuta wa korido kutoka mwisho hadi mwisho. Nikatazama. Sikuwahi kujua kuwa ukuta unaweza kunyooka hivyo, tena wa mikono ya mtu ninayemjua. Nikajivuna waziwazi, nikamwambia mama mmoja nyuma yangu kwamba aliyejenga ni huyu hapa.

Kona ya nyuma ilikuwa masijala, chumba cha mafaili. Meza ya mkuu wa masijala, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya kufukuza watu, ilikuwa pale pale pembeni. Baba akamwamkia vizuri, akaomba radhi, akachukua jagi la maji lililokuwa mezani, akayamwaga yote sakafuni.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Wewe mzee!" Yule mama aliruka, akanyanyua sketi na mafaili kwa pamoja. Kijana aliyetuongoza akatoka mbio kumwita askari. Lakini fundi aliyenyang'anywa pima maji hupima kwa maji yenyewe: kama kona imezama, yatakimbilia huko. Baba akapiga magoti na suti yake, shavu karibu na saruji. Maji yakasita. Yakatanda. Kisha yakaanza kwenda taratibu kuelekea mlangoni, kama alivyoyapangia siku alipoipiga sakafu ile.

"Haijazama," akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Sijawahi kumpenda baba kama dakika ile. Nikamsimulia mama wa masijala habari ya kichuguu na ya mawe, harakaharaka, kabla askari hajafika. Alinisikiliza mafaili yakiwa bado kifuani, na hasira ikamtoka usoni nikiona.

"Mzee, nimekaa kona hii miaka tisa," akasema. "Sikujua kuna mtu ana hofu kwa ajili yangu."

Baba akainuka, magoti yamelowa. Akakipangusa kiti cha yule mama kwa mkono wa koti, akakirudisha pembeni palepale.

"Kaa tu, mama," akamwambia.