Kamera ya Kuingia Nayo Ukumbi wa Wanawake

Ipo Jumamosi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu Nuru, na leo nataka nikusimulie. Juzi ulinionyesha kwenye simu yako kamera unayotaka kuinunua uanzie kazi yetu hii ya picha za harusi, ile ya rangi ya fedha, inang'aa utadhani sahani ya sherehe, ukaniuliza, "Auntie, si nzuri? Look how clean it is!" Nikakurudishia simu. Ukadhani nimeipenda. Sikuipenda, mwanangu. Nilikuwa nakumbuka.

Nilikuwa na umri kama wako. Mimi na mama yako, Salma, tulikuwa tumepanga chumba kimoja Woolwich, chanda na pete, mpaka makoti ya baridi tukiazimana. Mama yako akapata mchumba, ndiye baba yako huyo anayejifanya leo hajui kupika, na harusi ikapangwa hapa hapa London. Bibi yako, Bi Rukia, akaletwa kutoka Mombasa aje amwoze binti yake. Alikuja mgonjwa. Sitakuzungusha: madaktari walikuwa wameshasema neno lao, na sisi sote tulijua kuwa baada ya kupamba kwa Salma, ile shughuli ya wanawake ya kumtoa bibi harusi, hapatakuwa na shughuli nyingine atakayoihudhuria.

Siku chache kabla ya harusi mama yako alinishika mkono jikoni. "Mimi sitaki albamu," akaniambia. "Nataka picha moja ya mama akiwa na raha. Picha zake zote ni za paspoti na vitambulisho, amejitanda, amekunja uso. Nikizaa, watoto watadhani bibi yao alikuwa mkali."

Unajua mwenyewe desturi yetu. Siku ya kupamba wanaume hawakanyagi, milango inafungwa, mabuibui yanavuliwa, na wanawake wanatoka na nywele zao, dhahabu zao na vichekesho vyao. Ndiyo maana mpaka leo simu zinaachwa mlangoni ndani ya beseni, kwa kuwa picha ya simu huzunguka dunia kabla pilau haijapakuliwa. Na ndiyo maana sisi wapiga picha bado tunapiga kwa filamu. Shughuli ikiisha, mpiga picha anazitoa filamu zote mbele ya watu na kumkabidhi mama wa bibi harusi. Mama akiwa tayari anazileta zisafishwe, anakaa pale pale mpaka zikauke, kisha anaondoka nazo. Habaki mtu na kitu. Amana hiyo ndiyo kazi yetu, picha zinafuata nyuma.

Aliyenifundisha kazi hii ni Bi Zarina, Mungu amrehemu. Alikuwa Mhindi wa Mombasa, aliwahi kuwa na studio kule pamoja na mumewe, kisha wakahamia Stanmore. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu, na ulimi wake mkali kuliko pilipili ya achari yake. Nilipomwambia nimepewa kupamba kwa Salma, aliniita nyumbani kwake akaweka kamera mbili mezani. Zote zilikuwa za aina moja, hizi mnazoziita rangefinder: dirisha la kutazamia liko pembeni ya lenzi, unaona sura mbili hafifu, unazungusha mpaka zikutane ziwe moja, hapo ndipo picha itatoka kali. Hazina kioo cha kupanda na kushuka ndani, kwa hiyo hazipigi kelele, na ukumbini mtu hashtuki akaficha uso.

Moja ilikuwa ya fedha, haina hata mkwaruzo. Ilikaa miaka kwenye kabati la vioo la mtu. Ya pili ilikuwa nyeusi, rangi imeliwa na vidole mpaka shaba imetokeza kwenye pembe, na chini ilikuwa na bonde kama sufuria iliyoanguka.

"Chagua ya kufanyia kazi," akaniambia.

Nikashika ya fedha. Akanitazama. "Umeipendea nini?"

"Kizuri chajiuza, Bi Zarina," nikajibu, nikijiona mjanja.

"Kweli, chajiuza. Na uzuri wa mkakasi je?"

Hakumalizia, maana hakuna asiyejua kuwa ndani ya mkakasi ni kipande cha mti. Lakini masikio yangu siku zile yalikuwa ya kuvalia herini tu. Nilijiona tayari naingia ukumbini na ile fedha kifuani, wanawake wa Mombasa nzima waliohamia London wananitazama. Akanifungia kamera kwenye kitambaa, akanipa na sambusa za njiani.

Ukumbi wenyewe ulikuwa Woolwich, nyuma ya sokoni, na siku hiyo ulikuwa na baridi ya kutafuna mifupa kwa sababu mashine ya joto ilikataa kuwaka. Wanawake walicheza ili wapate joto, na kwa hivyo ikawa shughuli ya furaha kuliko zote nilizowahi kuziona. Mama yako alikuwa kwenye kiti chake, hina mpaka viwiko, asumini zilizosafiri kwa ndege zikiwa kifuani. Bibi yako alikaa ubavuni pake, amefunikwa blanketi, macho anayafumba na kuyafumbua. Nilipiga picha kadhaa. Kila nikibonyeza nilisikia sauti nzito kidogo, kama mtu anayeburuta viatu. Nikajiambia ni baridi.

Basi wakaanza wimbo mmoja wa zamani wa vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini. Bi Rukia akafumbua macho. Akaliondoa blanketi, akaiondoa leso kichwani, akasimama. Hakushikwa na mtu. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeupe, zimesukwa mikia miwili kama za msichana wa madrasa. Akaanza kucheza taratibu mbele ya binti yake, na wote wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja.

Nikainua kamera, nikabonyeza. Kimya. Nikavuta mkono wa kusogezea filamu, hausogei. Nikavuta tena mpaka kucha ikavunjika. Mafuta yaliyoganda ndani miaka yote ile kabatini yalikuwa yamekaza kama gundi, na pazia la ndani, lile linalofunguka kuingiza mwanga, limekwama nusu. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze, na mbele yangu bibi yako anacheza, nami najua mgonjwa yule hana pumzi ya kurudia.

Nikaguswa bega. Bi Zarina, aliyekuja kama mgeni, amevaa sari ya zambarau, alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wazi. Kutoka chini ya leso na dawa zake za kikohozi alitoa ile nyeusi. Filamu ilikuwemo tayari. Alishaivuta tayari.

"Shika. Piga. Utalia baadaye," akasema.

Nikapiga. Nilipata mara tatu tu kabla Bi Rukia hajaketi, mkono kifuani, akihema. Ile ya pili ndiyo unayoijua.

Nililia baadaye, jikoni, kwenye sinki la masahani. Bi Zarina alikuja akafunga kwanza mlango. Nikamuuliza, na nilimuuliza kwa hasira, kwa nini aliniacha nichague vibaya wakati alijua.

"Wewe nilikuacha uchague," akasema. "Salma sikumwacha. Kamera si pete, binti. Pete unaivaa ili uonekane. Kamera unaishika ili aonekane mwenzio. Sasa nitolee lile sinia, pilau inapoa."

Basi ndilo karipio lote nililopata, mwanangu, na limenitosha mpaka leo. Hakuligusa tena jambo hilo, wala hakumsimulia mtu. Alinipenda mama yule, kwa namna yake ya pilipili.

Sasa nisikilize. Wewe utakuwa ukumbini kila wiki, leo Woolwich, kesho Thamesmead, umeparamia basi na begi linagonga viti. Kazi nzito inataka bodi, yaani mwili wa kamera, iliyozoea kazi. Usiogope iliyochubuka, ogopa iliyopumzika sana. Bonde la chini si kitu, ila likiwa karibu na dirisha, weka chini uende zako, maana sura mbili zitakuwa haziambiani ukweli na wewe utaona kila kitu sawa mpaka siku ya kusafisha. Ijaribu kwa taa ya mbali, kisha kwa uso wa mtu aliye karibu. Zikutane kote kuwili. Chagua inayopiga bila betri, kwa sababu betri haina haya, hufa mbele ya wageni. Fumba macho uivute na kuibonyeza kwa kila mwendo wa pazia, hasa ule wa polepole, usikilize kama inaburuta viatu. Fungua mgongo ulitazame pazia lake mbele ya taa. Ukiona nukta ya mwanga, ujue mwenye nayo aliiacha lenzi wazi juani, na jua likatoboa kitambaa cha pazia. Wewe usiache, hata hili jua letu la London la kuomba omba.

Na kabla hujamjua muuzaji, mjue fundi. Kamera isiyo na fundi aliye hai ni pambo. Mpelekee ailegeze na kuitia mafuta mapya hata kama haijalalamika. Ukijaaliwa, nunua mbili zinazofanana, moja ifanye kazi na moja isubiri. Hiyo ya fedha, ikikuvuta sana, mwanangu, inunue uiweke sebuleni. Nitakuja kuisifu.

Najua utaniambia, "Auntie, it's just a camera." Sawa. Lakini mama wa watu akisimama kucheza hataangalia kama mkono wa kamera yako umesogea au umekwama. Atasimama mara moja tu, kisha ataketi. Bi Rukia alituacha kabla ya Ramadhani ya mwaka ule, na wewe hukumkuta. Hata hivyo mama yako akiitoa ile picha tukiwa wanawake peke yetu, wewe ndiye wa kwanza kusema huo mdomo wazi wa kicheko ni wako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi na kifua cha kutunza siri za watu. Wanawake wakuamini hata kabla hujavua koti. Na itakapofika zamu yako ya kuketi kwenye kiti kile, Mungu akuwekee mama yako hapo ubavuni, mzima, nywele wazi, anacheka.